Mkeka Uliobaki Mtupu

Bwana Nakatoshi, mshauri wa Mfalme, alikutwa asubuhi nyuma ya pazia lake amekufa, vidole vimekakamaa. Nyumba nzima ilikuwa na jibu moja: kachukuliwa na mzimu wa Tsuneko, mke wake wa kwanza.

Inspekta Masukata aliingia, akaketi kitako kando ya maiti. Watumishi wakashtuka. Kwetu hata mtoto anajua: ukikaa katika nyumba yenye maiti umenajisika, na siku thelathini hukanyagi ikulu. Ukisimama huna neno.

"Mimi ikulu hawaniiti hata kwenye sherehe," alisema. "Haya, nielezeni."

Alieleza Bi Ukyo, mtumishi mkongwe wa nyumba ile. Bwana aliumwa homa mwezi mzima. Jana alikuja mtawa Shinkai kumpunga. Akamtoa pepo kwa bwana, akampandisha kwa msichana aliyeletwa awe kiti cha pepo, na msichana akasema kwa sauti ya Tsuneko.

"Alitaka nini?"

"Roho mbili, afande. Ya bwana, na ya Abate Kakuzen."

"Kakuzen kaingiaje hapo?"

Bi Ukyo alianza kulia. Miaka mitano nyuma, mke mdogo alipougua, aliyempunga ni Kakuzen, naye akatangaza kwamba anayemsumbua ni Tsuneko, ambaye wakati huo alikuwa hai, anakula nao sahani moja. Bwana akamfukuza theluji ikianguka. Siku ya tatu wakamkuta chini ya daraja, kafa kwa baridi.

"Yule mama hakuweza kumchukia hata paka," alisema Bi Ukyo.

Masukata alichovya kidole kwenye masalia ya bakuli la dawa, akajigusa ulimi. Ncha ikafa ganzi palepale. Akatema. Mizimu haichemshi mizizi yenye sumu.

Akauliza dawa ni ya nani. Ya mtawa, akaambiwa. Aliiacha jana, akaagiza inywewe alfajiri. Na mtawa mwenyewe? Yuko bustanini. Alifika jua likichomoza, wakamtandikia mkeka barazani, akakataa kukaa, akasoma dua yote amesimama. Anawahi ikulu, kwa kuwa leo anamsaidia Kakuzen kumpunga Malkia.

"Alikuja kabla hamjafungua pazia?"

"Kabla, afande. Tulimwambia bwana kalala."

Masukata akatoka barazani. Mkeka ulikuwa bado umetandikwa, mtupu. Shinkai alisimama chini ya ngazi, kichwa kimenyolewa, macho mekundu.

"Baba mtawa, jana ulikaa hapa?"

"Nilikaa."

"Leo je?"

"Nina haraka."

"Mwenye haraka hasomi dua ndefu vile. Uliambiwa mwenyeji kalala. Nani alikwambia kafa?"

Mtawa akageuka kutazama lango.

"Dawa nimeionja. Basi panda, uketi."

Shinkai aliutazama ule mkeka kwa chuki. Akikaa tu, lango la ikulu linafungwa mbele yake, na Kakuzen anaishi.

"Ungeniachia mpaka jioni," alisema. "Jioni ningekuja mwenyewe, mikono mbele."

"Tsuneko ni nani kwako?"

"Dada yangu. Mama alipokufa nilimlea mimi, nikimtafunia chakula. Alipofukuzwa nilikuwa safarini. Niliporudi nikaonyeshwa daraja. Miaka mitano nimejifunza kupunga, afande. Nimefunga, nimeoga maporomoko ya maji ya barafu, ili tu siku moja niitwe nyumba hii. Nakatoshi nimemuua mimi, na sijutii. Kinachoniuma ni yule wa pili, anayekula wali wa Malkia."

Masukata alikuwa na dada yeye pia. Lakini sheria ni sheria, akawaita askari.

"Na yule binti," aliuliza, "ulimfundisha kutaja majina yale mawili?"

"Moja tu. La Nakatoshi." Shinkai aliinua uso. "Fikiri mwenyewe. Ningemtaja Kakuzen mbele za watu, ningemfikia vipi leo? Hilo la pili sikumfundisha. Liliponiingia sikioni nilitetemeka kuliko wote."

Askari walikuwa wamefika. Mtawa akavua viatu, akapanda ngazi, akaketi katikati ya mkeka na kukunja joho lake vizuri.

"Basi, nimekaa," alisema. "Aliyebaki ni wa Tsuneko mwenyewe."