Askari Aliyetiwa Gundi

Chuang Tsung-yen alikuwa mtu wa mji wa Tainan, na jina lake liandikwe hivyo hivyo, maana wanaoisimulia habari hii humchanganya na binamu yake Tsung-yi, ambaye hakuhusika kabisa.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha midoli askari, wale wa urefu wa shubiri ambao watu wazima hukusanya na kupanga kabatini. Kiwanda humpa askari kiwiko kinachokunjika nusu tu. Tsung-yen alikikata, akakitoboa kwa drili ndogo, akatia kiungo cha gololi, akapiga msasa mpaka mkono ukafika begani. Goti alilikata mahali pawili ili askari aweze kuchuchumaa na kukalia visigino vyake. Wateja walisema kwamba mdoli aliyepita mikononi mwake hufanya kila kitu isipokuwa kupumua.

Mama yake, Tsai A-luan, alilala chumba cha nyuma. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wote wa kulia. Aliyemuuguza alikuwa Wartini, mwanamke wa Java mwenye utani mwingi. Tsung-yen alimlisha mama uji wa samaki, alimgeuza, alimpangusa, wala hakuhisi kitu, si huruma, si uchovu. Ni kama ganzi ya mama ilikuwa imemwingia na yeye. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: mama anyanyue tena mkono wa kulia.

Asubuhi moja alipeleka machungwa kwenye hekalu dogo la mtaani. Nyuma ya hekalu palikuwa na rafu ya miungu iliyotupwa: sanamu zilizoachwa na watu waliohama, au na wacheza kamari walioisusa miungu yao baada ya kuliwa. Katikati ya miungu hiyo alimwona askari wa plastiki, wa toleo la zamani.

"Huyu naye ni mungu wa nini?" alimwuliza mtunza hekalu, Mzee Kuo Ting-fa.

"Wa watu wasio na mke kama wewe. Mchukue tu. Hapo hata moshi wa ubani haumfikii."

"Nani alimleta?"

"Wanaoleta hawagongi mlango, Yen. Wanaona haya."

Nyumbani alimkagua kwenye mwanga wa dirisha. Mgongoni palikuwa na tundu lililozibwa kwa nta, kama lile linaloachwa kwenye sanamu ya mungu ili roho iingie. Mboni za macho zilikuwa zimechorwa kwa wino, kwa mkono. Tsung-yen aliyaona hayo yote, lakini jicho la fundi huenda kwenye viungo. Kila kiungo upande wa kulia, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti, kilikuwa kimejazwa gundi kali mpaka pomoni. Shingo ilikuwa kipande kimoja na kiwiliwili, kama ilivyokuwa kwa matoleo ya zamani.

Aliona ni uzembe wa mtoto. Akawasha kikausha nywele, akaipasha gundi moto, akaingiza wembe. Kiwiko kikaachia kwa mlio mdogo.

"Bosi!" Wartini aliita kutoka nyuma. "Njoo umwone bibi. Amenishika kanga yangu hataki kuachia. Nadhani anataka kunipiga kofi."

Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umeshika kitambaa. Vidole vilikuwa vyeupe kwa nguvu.

Tsung-yen alirudi mezani, akaendelea na bega.

Alijua, au mikono yake ilijua. Mchana uliofuata alifungua nyonga, na mama akaketi. Alifungua goti, na mama akatembea mpaka meza ya chakula, akashika vijiti, akala tofu. Wartini alilia kwa furaha, akapigia simu nyumbani kwao Java. Tsung-yen alisubiri furaha yake nayo ije. Haikuja, lakini aliendelea kufanya kazi, na alifanya kama alivyozoea. Hakujua kuacha kiungo kama kilivyotoka kiwandani. Kiwiko na nyonga alivitia gololi. Goti alilikata mahali pawili. Kifundo cha mkono alikifanya kizunguke.

Wartini ndiye aliyekiona kifundo. Mama alikuwa ameshika bakuli la supu, na mkono ukaanza kugeuka. Ukapita pale mkono wa mtu unapokoma. Ukaendelea. Ukamaliza mzunguko mzima, ukarudi ulipoanzia.

Supu yote ilikuwa sakafuni. Mama alikuwa akitazama bakuli tupu kama la mtu mwingine.

Tangu hapo Wartini hakutania tena. Alilala na mlango wake umefungwa kwa kiti.

Siku ya joto kali, saa za watu kupumzika, Tsung-yen alikikuta kitanda kitupu. Alitafuta jikoni. Alitafuta chooni. Akainama chini ya meza ya chakula.

Mama alikuwa pale, amechuchumaa. Goti la kulia lilikuwa limekunjika mahali pawili.

"A-yen," alinong'ona. Nusu ya mdomo wake ilikuwa bado imelala.

"Nipo, Mama. Toka huko."

"Si mimi ninayeuinua."

"Nini?"

"Mkono. Mguu. Si mimi."

Tsung-yen alipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya baridi, nalo jasho lilimtiririka.

"Rudisha gundi," mama alisema.

"Utapooza tena, Mama. Hutainuka."

"Nilikuwa nimelala vizuri."

"Mimi nataka utembee."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana hiki kitu kinatembea."

Mkono wa kulia ukapanda taratibu. Ukapita kifua. Ukapita kidevu. Ukamziba mdomo.

Mama hakuuzuia. Alimtazama tu mwanawe, machozi yakishuka upande mmoja. Akasema maneno mawili kupitia kati ya vidole.

"Kinataka shingo."

Tsung-yen alikwenda mezani kwake. Chupa ya gundi ilikuwa kando ya askari. Alijua anachokwenda kukipoteza, kwa kuwa ndicho pekee alichokuwa amekitaka. Alitia gundi begani. Kiwikoni. Nyongani. Gotini, sehemu zote mbili. Kifundo cha mkono alikifanya mwisho, na kilizunguka kidogo kati ya vidole vyake kabla ya kushika.

Chini ya meza, mama alikuwa ameanguka ubavu. Alimbeba mpaka kitandani. Upande wake wa kushoto ulitabasamu, akalala usingizi kama wa mtoto aliyeoga.

Jioni hiyo alimrudisha askari kwenye rafu, uso ukielekea ukutani. Mzee Kuo hakuwepo. Tsung-yen hakuacha neno kwa mtu yeyote.

Msimu wa mvua ulipita salama. Mama alikula, alilala, alinyooshwa miguu. Kisha asubuhi moja Wartini alitoka chumba cha nyuma, akaketi barazani. Tsung-yen akaingia mwenyewe.

Mama alikuwa amelala chali, mikono kifuani. Alikuwa amekufa. Uso wake ulikuwa ndani ya mto.

Alimweka sawa kabla ya kumwita daktari. Kichwa kiligeuka bila kukwama.

Kisha alikwenda hekaluni. Kwenye rafu, kati ya miungu, palikuwa na duara dogo lisilo na vumbi.

"Ah, yule askari," alisema Mzee Kuo. "Amechukuliwa jana. Bwana mmoja wa makamo, mstaarabu sana, na kisanduku cha vifaa kama chako. Nilidhani mnajuana."

"Anaitwa nani?"

"Sikumwuliza. Alimgeuza geuza, akasema fundi wa kwanza aliishia njiani."

Baada ya kuchoma maiti, Tsung-yen aliitwa kuipanga mifupa chunguni. Hupangwa kuanzia miguu kwenda juu, ili marehemu aketi wima. Mhudumu alimpa vijiti virefu. Kwenye kichwa cha mfupa wa paja palikuwa na tundu dogo. Kwenye kiwiko, tundu. Aliutambua upana wake. Ulikuwa wa drili yake. Ukingo ulikuwa na mikwaruzo ya msasa wake. Aliiweka mifupa hiyo chunguni.

Mhudumu alinyanyua pingili ya shingo, akaishika kwenye mwanga.

"Mama alifanyiwa operesheni hapa?"

"Hapana."

Tsung-yen aliipokea kwa vijiti. Tundu lilipita katikati, limenyooka, halina mkwaruzo hata mmoja.

Ilikuwa kazi safi kuliko yake.