Mwacheni Aseme Mwenyewe

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa ameketi chumbani na mwanawe mchanga mapajani. Mtoto alikuwa mnene, kwa hiyo wote walimwita Bonge. Jua lilipita kwenye pazia jembamba, likalala sakafuni. Sauti za nyumbani zilimjia fundi kwa mbali, kama redio ya jirani. Hata kilio cha Bonge kilikuwa mbali, na Bonge yuko mapajani pake!

"Mama Bonge, chai inapoa," mumewe, fundi rangi, aliita.

"Nakuja." Hakwenda. Machozi yalimtoka tu.

Mama mkwe wake alishangaa. "Mtoto mzima, mume hana makuu. Unalia nini, mwanangu? Jikaze."

Alijikaza, wapi! Moyoni aliwaza: heri mtoto huyu angepata mama mwingine. Wazo hilo lilimtisha, akalificha.

Siku ya kliniki, nesi alimpima Bonge uzito, akatabasamu. "Huyu hajambo. Na wewe je?"

Fundi akaangua kilio. Nesi akamwita mume aliyekuwa akingoja nje, akawaeleza wote wawili.

"Huu si uvivu, wala hajarogwa. Ni ugonjwa, sonona baada ya kujifungua. Huwapata akina mama wengi, na unatibika. Yupo mshauri anayezungumza nao kwa simu ya video. Ila mama akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje simu. Mleteni hospitali mara moja."

Siku ya simu ikafika. Loo, nyumba ilivyojiandaa! Mama mkwe alivaa nguo ya kutokea, akaketi kochini upande huu wa fundi. Mume akaketi upande ule, simu mkononi. Wangemwachaje mgonjwa akutane na mtaalamu peke yake? Huko si kumtupa?

Mshauri akatokea kwenye kioo cha simu. "Hujambo, mama? Unalala vizuri?"

"Analala sana!" mama mkwe akadakia.

"Unakula?"

"Kidogo kidogo," mume akajibu.

"Unafurahi ukiwa na mtoto?"

"Furaha tele!" Mama mkwe huyo tena.

Fundi alikuwa akiutazama uso wake mwenyewe, mdogo, kwenye kona ya kioo. Akauona unatikisika: hapana.

Mshauri naye aliuona. "Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe. "Upendo wenu nauona. Lakini mgonjwa huwaficha anaowapenda, asiwaumize. Mazungumzo haya ni siri yetu wawili. Mwacheni aseme mwenyewe. Nyinyi mbebeni Bonge, mkae nje."

Mama mkwe akanuna. "Leo mimi nimekuwa mtu wa nje?"

"Twende, Mama," mume akamwambia taratibu, akamwachia mkewe simu.

Mlango ukafungwa. Fundi akavaa visikizi vya simu masikioni. Chumba kikawa kimya.

"Naona kama mtoto huyu si wangu," alisema. "Nataka niondoke, apate mama wa kweli."

Mshauri hakushtuka wala hakumkemea. "Unawaza kujidhuru, au kumdhuru yeye?"

"Hapana. Naogopa tu."

"Umefanya vizuri kuniambia. Wewe si mama mbaya. Unaumwa, na tutakuuguza."

Wakawa wanazungumza kila wiki. Mume alijifunza kumwogesha Bonge ili mkewe apate usingizi. Na mama mkwe je? Akawa mlinzi wa mlango! Mteja akija na kitambaa chake, anaambiwa, "Fundi yuko na mshauri. Zunguka kidogo, urudi." Nafuu haikuja kwa siku moja. Kuna siku fundi alicheka, na kesho yake akalia tena. Mshauri alimwambia ndivyo kupona kulivyo, asikate tamaa.

Alasiri moja Bonge alipiga chafya. Fundi akamwinamia, akamtazama kwa muda mrefu.

"Jamani! Bonge ana pua yangu!"

Mama mkwe akacheka. "Si tunakwambia tangu azaliwe?"

"Wakati huo sikuwepo, Mama."

Mama mkwe akaacha kucheka. Akamshika mkono, akamwambia, "Basi karibu nyumbani, mwanangu."