Unga Chini ya Msolo

Restuta aliwaona kwanza sisimizi. Walikuwa wakipanda shina la mkorosho, mstari mmoja mweusi. Walipofika kimo cha kifua cha mtu, wakageuka na kushuka. Hakuna aliyevuka. Pale walipogeukia palikuwa na alama nyekundu, mistari miwili iliyokatana.

Akaenda mkorosho wa pili. Alama. Wa tatu. Alama, kimo kilekile. Shamba lilikuwa kimya. Hata njiwa hawakulia.

Yeye na mama yake, Stefania, walikuwa wametoka msibani mjini Mtama. Wiki moja tu nyumba ilifungwa. Mikorosho ile, aliyoiacha marehemu baba yake, ndiyo iliyowalisha.

"Usiguse," mama alinong'ona. "Mtu amelifunga shamba letu kwa uchawi."

Jioni mama alimimina unga wa mtama chini ya msolo, mti wa matambiko wa ukoo wao. Ukawa kilima kidogo chenye ncha, naye akauliza kama waingie shambani. Ukilala na kuamka umesimama, wazee waliotangulia wameridhia. Ukibomoka, wamekataa.

Asubuhi ulikuwa umebomoka.

Basi wakalikimbia shamba. Wiki tatu hakuna jembe lililoingia. Majani yakafika kiunoni. Restuta akipita njiani, alama zile zilimfuata kama macho.

Siku moja akaja jirani yao Fakihi. Alikuwa amehudhuria semina ya ardhi pale kijijini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama Restuta, mbona shamba limegeuka pori?"

Mama alimweleza kwa sauti ya chini. Fakihi akacheka hadi kofia ikamwenda upande.

"Mchawi gani huyo anayetembea na kopo la rangi? Ni wapimaji, dada yangu! Kuna mpango mpya wa matumizi ya ardhi. Leo nimeiona ramani, imebandikwa ofisini kwa mtendaji. Shamba lako limeingizwa kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji. Walikuta nyumba imefungwa, nani angewaonyesha mpaka?"

"Kwa hiyo limekwenda?"

"Bado. Mkutano mkuu wa kijiji haujapitisha. Andika barua ya pingamizi, ifike ofisini kesho, ndiyo siku ya mwisho. Taja majirani wanaoujua mpaka wako. Kamati itakuja kukagua. Lakini ukikaa kimya, na majani haya, nani ataamini ni shamba? Wakishapitisha, kulima humo ni kosa."

Mama akatikisa kichwa. "Wazee wamekataa, Fakihi. Mimi ni nani nishindane nao?"

"Basi waulize tena. Ila kesho haitakungoja."

Jioni ile mama akamimina unga tena.

Alfajiri hapakuwa na upepo. Mama alipofika kwenye msolo, alimkuta Restuta amesimama pale na ndoo tupu, kiganja kimoja amekificha ndani ya khanga. Unga ulikuwa umesimama, ncha yake kali.

"Wameridhia!" mama akasema, machozi yakimlenga.

Restuta aliacha shule darasa la nne, lakini barua aliiandika yeye, herufi moja moja. Mama akaweka dole gumba, ikafika ofisini siku ileile. Wakafyeka majani. Kamati ilipokuja, Fakihi na majirani wawili waliwaonyesha mpaka.

"Itazameni mistari hii," Fakihi aliwaambia. "Mkorosho wa msituni hujipanga hivi?"

Hata wajumbe walicheka. Mkutano ukasogeza mpaka wa msitu hadi ng'ambo ya kijito. Miezi michache baadaye mama akapewa hati ya kimila ya kumiliki shamba lake. Korosho zilipoanguka, waliokota bila hofu, wala hawakukata mti hata mmoja wa hifadhi. Alama zilikwisha kukwanguliwa. Lakini sisimizi, wakifika palepale, bado waligeuka.

Siku ya mwisho ya mavuno mama alipeleka unga wa shukrani.

"Wazee wetu wana huruma," alisema. "Bila wao nisingethubutu."

Restuta akavitazama viganja vyake. Miezi yote ile hakuwa amemwambia mtu.

"Mama," akasema, "asubuhi ile nilikuta unga umebomoka. Niliusimamisha mimi."