Sanduku Chini ya Kitanda cha Nives

"Korongo, usiguse. Narudia. Usiguse."

Sauti ya Mkuu Scalabrin ilikuwa kavu sikioni mwa Tazio Marangon. Hewani wao walikuwa Mnara na Korongo. Tazio akakanyaga mafuta. Lancia yake ya kijivu ikalipita lori la mchanga, ikarudi kwenye mstari wake.

Mbele yake, kwenye barabara kuu ya kwenda Verona, ilikuwa ikikimbia karavani nyeupe ya kukodi, gari la kulala ndani, baiskeli mbili zimefungwa mgongoni. Nyuma ya karavani, pikipiki nyeusi.

Ducati.

Ileile aliyoiona Torino. Ileile aliyoiona Bergamo.

"Mnara, pikipiki imewakaribia mno."

"Inalinda mzigo wake. Wewe linda macho yako."

"Na familia?"

"Familia iko likizo, Korongo. Waache wale raha."

Ndani ya karavani walikuwamo Lucio Pedrotti, muuza rangi za nyumba kutoka Novara, mkewe Mirella, binti yao Nives, na bibi Argia, mama yake Lucio. Mwaka mzima walikuwa wakiiongelea safari hii: Torino, Bergamo, Verona, Mantova, mpaka Trieste baharini. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba waliowakodisha gari walikuwa wameficha sanduku la chuma chini ya benchi analolalia mtoto. Nani atampekua bibi kizee anayesafiri na sufuria zake mwenyewe?

Mnunuzi alikuwa akisubiri melini Trieste. Huko ndiko Idara ya ujasusi ilikotaka kufunga mtego. Tazio aliambiwa mzigo ni almasi.

Almasi! Na yeye, na utu uzima wake wote, akaamini.

Mchana ule walipumzika Sirmione, kando ya ziwa. Tangu Torino Tazio alikuwa akijifanya muuza magodoro aliye mapumzikoni, na kila walipoegesha, naye aliegesha. Bibi Argia alikwishamfanya mradi wake.

"Wewe, muuza magodoro! Njoo ule. Mwanamume mzima, mke huna, mama hayuko karibu, halafu unatafuna biskuti? Huoni haya?"

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, upepo? Kaa chini."

Akakaa. Hapo hapo Nives akatoka majini anatetemeka, akazunguka nyuma ya gurudumu, akatapika.

Bibi aliruka utadhani kakalia moto.

"Nilisema! Sikusema? Mtoto kala wali, wali haujashuka, mnamwacha anaingia ziwani! Tumbo limeganda hilo!"

"Mama, maji yenyewe ya vuguvugu," Lucio akajitetea.

"Vuguvugu ndilo lililomuua mtoto wa Tarcisio!"

"Mama, mtoto wa Tarcisio aligongwa na trekta."

"Alikuwa katoka kuoga!"

Tazio akacheka mpaka wali ukampalia. Nchi ile hakuna anayebishana na jambo hilo. Kila mtoto analelewa na sheria hiyo: ukishakula, ngoja chakula kishuke, la sivyo maji yatakuua. Yeye mwenyewe alimaliza utoto wake ukingoni mwa mto Piave, mkavu, anayatazama maji kwa uchu, bibi yake kakaa nyuma na kandambili mkononi. Kwa hiyo alipoona mtoto kaoga kisha katapika, hakuuliza mara mbili.

Mgeni angeuliza.

Kesho yake asubuhi wakaamka Verona, kwenye maegesho karibu na mto. Nives akatapika tena. Hakuwa amekula. Hakuwa ameoga. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, uso umempauka, kamkumbatia mwanasesere wake, wala hakutaka kwenda kuona mji.

Mirella akamvuta Tazio pembeni.

"Kaka, nisaidie mawazo. Ana wekundu mwilini. Mama anasema ni jua."

"Jua la jana lilikuwa kali."

"Ndiyo. Lakini uko kiunoni, unashuka mapajani. Pale pale nguo ya kuogelea inapofunika." Akamwangalia usoni. "Jua limefikaje huko?"

Tazio akaigeukia karavani.

"Analala wapi?"

"Kwenye benchi lake. Hataki kwingine. Anasema lina joto zuri."

Tazio alitembea mpaka kwenye Lancia yake. Taratibu, mikono mifukoni. Chini ya tairi la akiba kulikuwa na mkoba: bastola ya Beretta, kamera, na kipima mionzi kidogo kama kiberiti. Hakuwahi kukigusa kile kipima. Almasi na mionzi, wapi na wapi?

Akakitia mfukoni, Beretta akaichomeka kiunoni. Akapita kando ya karavani kama mtu anayenyoosha miguu.

Kipima kikatetemeka mpaka paja likamuuma.

Akapiga simu.

"Mkuu, ndani ya sanduku kuna nini?"

Tazio akaigandamiza simu sikioni.

"Mkuu!"

"Almasi."

"Almasi haichomi mtoto."

"Bado siku moja tu, Korongo. Mnunuzi akituponyoka, kesho atanunua kwingine, na utakuwa mji mzima. Pima mwenyewe."

"Ulijua."

"Usiguse. Hiyo ni amri."

Ng'ambo ya barabara, mwenye Ducati alikuwa kakaa kibarazani mwa mkahawa, kofia ya pikipiki gotini, gazeti mkononi. Koti lake lilikuwa zito upande mmoja. Mirella akipiga yowe pale, mtu yule hatafikiri, atafyatua.

Hasira zilimpanda Tazio mpaka masikio yakavuma. Akazimeza. Akamwendea bibi Argia.

"Bibi, nisikilize. Tumbo lililoganda likivuka siku ya pili, halina mchezo."

Bibi akashika rozari yake.

"Ulishaona?"

"Nilishaona. Hospitali, bibi. Sasa hivi."

Loh! Maegesho yote yakasikia.

"Lucio! Teksi! Mtoto tumbo limeganda, wewe unanyoa ndevu? Nilisema juu ya ule wali! Ulisema vuguvugu! Haya, vuguvugu lako hilo!"

Teksi ikaja. Wakajazana wote, kwa maana familia ile haiendi hospitali nusunusu. Lucio akamtupia Tazio funguo: "Niangalizie gari, kaka."

Mwenye Ducati aliinua macho, akamsikia bibi, akatikisa kichwa kwa kicheko, akarudi kwenye gazeti lake. Naye alikuwa mzaliwa wa huko. Naye hakuuliza.

Tazio akabonyeza simu.

"Familia iko njiani kwenda hospitali. Wapigie madaktari, waambie ni mionzi. Mimi nitakupa mnunuzi."

"Korongo..."

"Apa kwamba utapiga."

"Nitapiga. Nimesema."

Akawasha karavani.

Kwenye kioo, gazeti likaanguka chini. Ducati ikanguruma.

Tazio alielekea milimani, kwenye machimbo ya marumaru. Ni Agosti, wachimbaji wote wako baharini. Barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa vumbi. Kipima mfukoni hakikunyamaza hata sekunde, na kila kilipotetemeka alimwona yule mtoto amejikunja juu ya benchi, anaota joto.

Risasi ikavunja kioo cha nyuma.

Ya pili ikapiga baiskeli.

Kwenye kona, katikati ya mapande ya mawe, Tazio alivuta breki kwa nguvu zake zote. Karavani ikakingama njia nzima. Akaruka nje, akabiringika. Ducati ilijaribu kukwepa, ikakanyaga vumbi, ikateleza ubavu, ikajibamiza jiweni.

Mtu yule akainuka na bastola mkononi.

Beretta ikasema mara moja.

Bega. Bastola ikadondoka.

"Niue basi," yule mtu akatema damu. "Huna ubavu."

Tazio aliipiga teke ile bastola. Alimshika ukosi, akamburuta mpaka ndani ya karavani, akamsukuma kuelekea benchi. Shuka lilikuwa la maua. Mto ulikuwa mdogo.

"Lala hapo."

"Hapana!"

"Mtoto kalala hapo tangu Torino. Wewe dume zima unaogopa?"

"Baba, nakuomba! Usiniweke hapo!"

"Kumbe unajua kilichomo."

"Meli! Nakupa meli! *Stella Bruna*! Anajiita mfanyabiashara wa mvinyo, chumba chake cha juu kabisa! Nitoe humu!"

Tazio akamtoa, akamfunga kwenye jiwe kubwa mbali na karavani, akawapa wenzake wa Trieste jina la meli. Watu wa mionzi wakafika na mavazi yao mazito. Kabla ya jua kushuka, mnunuzi alikuwa na pingu, na fedha zake hazijafunguliwa.

Kazi imekwisha, kama wasemavyo.

Hospitali ilinuka dawa na supu. Nives alikuwa wodi ya watoto, dripu mkononi, kitanda kimebanana na vitanda vya wenzake. Daktari Fausta Brugnoli, dada mwenye macho ya kukesha, alikuwa akimpapasa tumbo.

"Ana nini?" Tazio akauliza.

"Tumbo. Bibi anasema alioga kashiba."

"Hakuna mtu aliyekupigia simu?"

"Simu ya nini?"

Tazio akatoka ukumbini. Kidude cha sikioni kikaita chenyewe.

"Kazi safi, Korongo! Mnunuzi tunaye."

"Hukupiga."

"Nchi haiwezi kusema ilimlaza mtoto juu ya kitu kile. Madaktari watagundua wenyewe."

"Lini?"

"Rudi Roma."

Alikichomoa kile kidude, akakitupa kwenye pipa la pamba chafu. Akarudi wodini.

"Daktari, si tumbo. Ni mionzi. Chuma cha mionzi kilikuwa chini ya kitanda chake, tangu Torino. Na hawa wengine wote walikuwa gari lilelile."

Uso wa daktari ukabadilika. Alipiga kelele kuita wauguzi. Vitanda vikaanza kusogezwa, mtu akakimbilia simu kuwatafuta wataalamu wa mionzi Milano.

Mirella alimtazama Tazio.

"Ulijua?"

"Tangu asubuhi."

Kofi lilisikika mpaka ukumbini. Tazio alisimama palepale. Alijua ni haki yake.

"Ataishi?" Lucio akauliza.

"Nadhani ataishi," daktari akasema, hamtazami. "Ngozi ile, sijui. Damu yake, sijui. Nilipaswa kuanza asubuhi."

Bibi Argia alikuwa kakaa ukutani, mikono kichwani. Polepole akaishusha.

"Kwa hiyo si wali wangu."

"Si wali wako, bibi."

"Basi nani? Nani alijua akatuacha tulale pale?"

Katika kazi ile, kuna jina moja, la mkuu wako, ambalo hulitamki hata wakikung'oa kucha. Anayelitamka hana tena idara, hana tena nchi, na hazeeki.

"Ettore Scalabrin," Tazio akasema, kwa sauti ya kusikika na wodi nzima. "Roma. Kila asubuhi hunywa kahawa Piazza Cavour, peke yake."

Akavaa miwani yake ya jua, akafunga kifungo cha koti juu ya Beretta, akashuka ngazi bila haraka. Nyuma yake bibi Argia alikuwa akilirudia lile jina, tena na tena, kwa sauti, asije akalisahau.