Aliyenawa Ndani

Jairus alifika nyumbani Burnsville, Minnesota, asubuhi, jua linawaka na baridi inakata masikio. Alikuwa ametoka Dallas kumzika Ntwali, pacha wake. Walifanana mpaka Ernestine, mke wa Jairus, alikuwa akiwachanganya. Miaka yote waliendesha lori moja kwenye barabara kuu ya I-35, wakipokezana usukani kutoka Minnesota hadi Texas, mpaka siku Ntwali alipojilaza nyuma ya kiti pale Oklahoma asiamke tena. Jairus hakulia. Alirudi kupitia Oklahoma, Kansas, Missouri na Iowa, na njia nzima hata redio hakuwasha.

Mlangoni Ernestine alikuwa ameweka beseni la maji. Kwao Uvira mtu akitoka makaburini hunawa nje kwanza, asije akaingiza kifo ndani. Lakini baridi ya Minnesota haijali mila ya mtu. Maji yalikuwa barafu tupu.

"Ngoja nilete ya moto," Ernestine alisema.

"Acha, mama Maombi. Nitanawa jikoni. Nimechoka."

Uchovu jamani! Akavuka mlango hivyo hivyo, akaenda kunawa kwenye sinki la vyombo.

Maombi, binti yao wa pekee, alikuwa amekaa chini anachora. Aliinua macho, akamtazama baba yake, kisha akatazama pembeni mwa baba, pasipo na mtu.

"Papa, mbona mko wawili?"

Ernestine akashika kifua. "Baba Maombi," alinong'ona, "toka nje tuanze upya. Nakuomba."

Jairus akasema ni mambo ya watoto, akaenda kulala. Hakuogopa. Hakuhisi chochote, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote.

Jumatatu bosi akampigia, kuna mzigo wa Kansas City. Akaondoka. Mchana alikuwa Iowa anajaza mafuta simu ilipoita.

"Mmefika wapi?" Ernestine aliuliza. "Chakula kinapoa."

"Mimi na nani?"

"Si wewe na Maombi? Si umerudi sasa hivi, ukasema unamzungusha kidogo na lori?"

Jairus akachungulia ndani ya lori; hamkuwa na mtu.

"Niko Iowa, Ernestine."

Upande wa pili kitu kikaanguka, kikavunjika. Kisha mayowe.

Aligeuza lori. Hakukumbuka kulipia mafuta wala kufunga mkanda. Alikuwa anarudi kaskazini wakati Donatille, jirani yao, alipompigia. Alinong'ona, kwa sababu Ernestine alikuwa karibu. Polisi wamefika. Kwenye theluji kuna nyayo za mtoto, kutoka mlangoni hadi ukingo wa barabara. Zinaishia hapo, penye glavu yake nyekundu ya kushoto. Za mtu mzima hakuna. Alama ya gurudumu hakuna.

"Nimekusikia," Jairus alisema.

Akaweka simu kwenye kiti cha abiria. Mkono wake ukagusa kitu laini. Ilikuwa glavu nyekundu ya Maombi, ya kulia.

Akaingiza vidole ndani. Ilikuwa bado na joto.