Betri Ndani ya Kinanda

Kila siku alipotoka shule, Kuluthumu alivua sare, akachota ndoo mbili za maji bombani, akafagia ua, kisha akakaa barazani peke yake. Bibi yake, Bi Swaumu, alikuwa sokoni akiuza vitumbua mpaka jioni. Nyumba yao ya mtaa wa Gongoni ilikuwa na vyumba vinne, na saa hizo Kuluthumu hakusikia ndani yake ila hatua zake mwenyewe.

Mama yake alifariki zamani. Baba yake, Abasi, alikuwa mpiga kinanda wa bendi moja ya dansi mjini Tabora. Bendi ilipovunjika, mapema mwaka 1973, alikwenda kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa upande wa Lusu, wilayani Nzega. Kinanda chake cha umeme alikiacha nyumbani. Kilikuwa cha zamani, na vinanda vya aina ile havikutengenezwa tena.

Kabla ya kuondoka alimwita Kuluthumu chumba cha uani.

"Nitakaa mwaka mzima, pengine zaidi," alisema. "Kinanda kikilala muda mrefu bila mtu wa kukitazama, kinakufa. Angalia ninavyofanya."

Alitoa betri kubwa sita zilizokuwa tumboni mwa kinanda. "Hizi zisibaki ndani. Zikikaa zinavuja, na maji yake yanakula nyaya." Kisha akakifunika kwa shuka la pamba. "Usitumie nailoni. Inafungia unyevu." Wakakipandisha juu ya ubao uliowekwa kwenye matofali, mbali na ukuta, ili mchwa wasikifikie.

"Kila mwezi fungua dirisha, kipanguse kwa kitambaa kikavu, utazame na matofali chini. Halafu uniandikie hali yake."

"Nitafanya, baba," Kuluthumu alijibu.

Miezi ya mwanzo alifanya yote. Lakini Idi ilifika na baba hakuja, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa mashambani. Jioni ya sikukuu, Kuluthumu aliingia chumba cha uani, akatia zile betri sita, akabonyeza funguo moja moja. Sauti ilijaa chumbani kama siku ambazo baba alikuwa akifanya mazoezi. Alilia. Bibi alipomwita, akafunika kinanda haraka na kutoka. Betri zikabaki ndani.

Tangu siku ile hakuweza kuingia tena. Kila aliposhika kitasa, moyo ulimwuma, akaenda kufanya kazi nyingine. Mvua ziliponyesha na bati likaanza kuvuja, aliingia mara moja tu, akatupa kipande cha nailoni juu ya shuka, akatoka mbio. Kwenye barua aliandika yale yale: "Kinanda hakijambo, baba."

Rafiki yake alikuwa mmoja, Eustadia, binti wa jirani yao mfanyakazi wa reli. Baadhi ya alasiri alikuja wakacheza mdako uani, na hapo nyumba ilipata uhai kidogo.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata barua ilifika: baba angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Bi Swaumu akaenda kufagia chumba cha uani.

"Kuluthumu! Hebu njoo!"

Nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani, na chini yake shuka lilikuwa na ukungu mweusi. Njia ya udongo ya mchwa ilikuwa imepanda tofali moja mpaka kwenye ubao. Bibi alipofungua tumbo la kinanda, betri zilikuwa zimepasuka na kutoa uji mweupe wenye kutu ya kijani.

"Nani ametia betri humu? Baba yako alizitoa mwenyewe!"

"Sijui, bibi."

"Anayeingia nyumba hii ni mtoto mmoja tu wa watu. Ni Eustadia!"

Kuluthumu alinyamaza. Eustadia alipokuja alasiri, Bi Swaumu alimzuia mlangoni. "Rudi kwenu, mwanangu. Umeharibu mali ya watu."

"Mimi? Sijagusa kitu, bibi." Eustadia alimtazama Kuluthumu, akangoja. Kuluthumu aliinamisha kichwa. Eustadia akaondoka.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kuliko mwaka wote. Darasani Eustadia alihamia dawati jingine. Nyumbani hakuna aliyebisha hodi. Kuluthumu alikaa barazani akiwaza kwamba sasa hata upweke huu ameutengeneza mwenyewe.

Jumamosi baba alishuka kwenye basi la Nzega, amekonda na mwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekua!"

Alikwenda moja kwa moja chumba cha uani. Alikitazama kinanda, akafungua tumbo lake.

"Mtoto wa jirani ndiye aliye..." Bi Swaumu alianza.

"Siyo yeye, bibi. Ni mimi," Kuluthumu alisema. "Betri nilitia mimi siku ya Idi. Nilitaka kusikia kama vile uko nyumbani, baba. Nailoni nimeweka mimi. Na kwenye barua nilidanganya."

Bi Swaumu alishika kichwa. "Na mimi nimemfukuza mtoto wa watu bure! Twende."

Walikwenda wote wawili nyumbani kwa kina Eustadia. Bibi aliomba radhi kwanza, kisha Kuluthumu.

"Ulikuwa umesimama pale pale," Eustadia alimwambia. "Neno moja tu lingetosha."

"Niliogopa. Nisamehe."

Eustadia aligeuka, akaingia ndani. Kesho yake mchana alikuja, akachukua kitambaa, akakaa kando ya Kuluthumu. Abasi alikwangua uji wa betri, akasugua kutu kwa msasa, akapangusa kwa spiriti na kubadilisha nyaya mbili. Wasichana waliondoa mchwa, wakaanika shuka juani na kufuta ukungu. Jioni kinanda kilitiwa betri mpya, kikajaribiwa. Funguo nane zilikuwa zimekufa. Sita ziliamka. Mbili hazikuamka.

"Hizi mbili ndiyo basi," alisema Abasi. Alimweka bintiye karibu. "Kuluthumu, ungeniandikia mapema kwamba betri zimebaki ndani, ningekujibu uzitoe, na mambo yangeishia hapo. Ungeniandikia kwamba uko mpweke, ningekuja hata kwa siku moja. Mimi nilikuwa nasoma 'hakijambo' nikalala usingizi. Ukificha kosa dogo linaendelea kula ndani kwa ndani, na mwisho linamfikia mtu asiyehusika, kama lilivyomfikia mwenzako. Kosa nimekusamehe. Ninachotaka ni kujua ukweli, hata ukiwa mbaya. Kinanda nakuachia tena ukitunze nikirudi Lusu."

"Hata baada ya haya, baba?"

"Baada ya haya ndiyo nina hakika utanieleza."