Kufuli la Chumba cha Akiba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, muuguzi mkuu wa kituo cha ambulensi alikuta kufuli la chumba cha akiba limekatwa na rafu zote tupu. Bandeji, glovu, barakoa za oksijeni, akiba ya majeruhi hamsini kwa mpigo, hakikubaki kitu. Na saa tatu kulikuwa na zoezi la ajali kubwa mbele ya wakubwa kutoka makao makuu. Miaka mitatu iliyopita basi lilipopinduka walipungukiwa vifaa, watu wakafia barabarani; ndipo akiba hii ikawekwa. Zoezi hili alilihangaikia miezi minane.

Mpelelezi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alifika saa mbili kasoro robo. Msimamizi wa vifaa hakumung'unya maneno: mwizi ni dereva waliyemwita Kifaru. Garini mwake mlikuwa na mkasi wa kukatia vyuma, na juzi aliapa zoezi halitafanyika.

Kifaru hakukana kusema hivyo. Zamu mbili mfululizo zilikuwa zimemchosha. Lakini mkasi, alieleza, ni wa kuwatoa watu waliobanwa kwenye magari, na yeyote kituoni angeweza kuuchukua.

Mpelelezi aliomba ufunguo, akaujaribu kwenye lile kufuli. Haukuingia hata nusu. Tundu lilijaa kutu. Akaomba fomu za ukaguzi. Ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa, siku tatu nyuma: "Nimefungua, nimekagua, vyote vizima." Sahihi ya msimamizi.

"Kaka," aliuliza mpelelezi, "Ijumaa uliingilia wapi?"

Msimamizi alidai kuna ufunguo mwingine. Alipoambiwa aulete, alipapasa mifuko, kisha akaiacha. Hatimaye akawapeleka kwenye banda la matairi nyuma ya kituo, akafunua turubai. Glovu zilikuwa zimegandana. Barakoa zilikatika zikishikwa.

Muuguzi alimuuliza kwa nini.

"Miaka miwili nasaini bila kufungua. Jana nikakata kufuli nijiandae, nikakuta vimeoza. Mngeviona leo, mbele ya wakubwa." Akajifuta uso. "Fomu ikichelewa siku moja, dada, makao makuu wananipigia simu. Kilichomo ndani hawajawahi kuniuliza."

Kifaru alisubiri aombwe radhi. Hakuombwa. Akachuchumaa, akaanza kutenga bandeji zilizosalimika.

Saa tatu kamili wakubwa walifika, wakauliza zoezi linaanzia wapi. Muuguzi aliwapeleka moja kwa moja bandani.